Maji Sikuyamaliza Mimi

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute hapo nyumbani Ibra u mzima, magoti yamekupumzisha kidogo, na baba kikohozi kimemwacha. Mimi mwili u mzima, moyo ndio mbovu. Nakuandikia kwa sababu simu uliikata.

Ulinambia, "Mtu mmoja unamaliza maji ya moto ya nyumba nzima! Sikukulea hivyo. Ukishafanya mtihani funga virago urudi, masomo basi." Hayo ulikuwa umeambiwa na dada Zuweina, mtoto wa mama mkubwa, ninayekaa naye huku Uingereza.

Sasa nisikilize. Nyumba za huku zina boila ukutani, inachemsha maji na kuyazungusha kwenye mabomba ili vyumba vipate joto. Mbele pana mshale unaoonesha nguvu ya maji. Tangu baridi ianze, kila asubuhi mshale umeanguka na boila imejizima. Zuweina hufungulia vali ya maji akaijaza tena, huku akinipigia kelele mlangoni mwa choo: "Umeyamaliza tena! Kuoga gani huko?" Nikaamini. Mama, nimeoga kwa kopo, nimetawadha kwa maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi, na mshale ukaanguka vilevile.

Jumamosi, yeye yuko kazini, nikapanda darini. Akili ya Ibra hiyo, maji yakipungua mtu hutazama tangi. Tangi hamna. Nilikuta bomba linatona, na chini yake beseni letu la kufulia, lile alilosema limepasuka akalitupa. Limejaa nusu.

Nikamwita fundi. Alicheka, bila ubaya. Akasema maji ya kuoga yana njia yake; haya ya kupasha nyumba yanazunguka na kurudi palepale, hakuna anayeyatumia. Mshale ukishuka, yanavuja mahali. Hata ningeoga kutwa nzima nisingeushusha.

Zuweina aliporudi nikamwekea beseni mbele yake. Akakaa kwenye ngazi. Kumbe alilikanyaga bomba alipokuwa akipandisha masanduku yake darini, akaogopa mwenye nyumba atatutoa. "Nilijua mama'ko hatokuamini," akasema. "Wallahi, usimwambie mama yangu."

Kunisingizia kumeniuma, ila hilo neno limeniuma zaidi. Alijua. Mimi mwanao sikujua, nilidhani ukinisikia sauti tu utatambua kuwa sisemi uongo. Umenivunja, mama, na siwezi kukuficha.

Bomba limeshazibwa. Mtihani nitafanya, na muhula ujao nitakuwapo hapahapa.

Nisalimie baba, na bibi umbusie mikono, na kaka Hilali akija kutoka Sur mwambie koti lake linanifaa. Mama mkubwa wa Al Qabil mpe salamu nyingi, umwambie Zuweina hajambo. Habari ya beseni usimtajie. Hatokubali hata neno moja. Yeye humwamini mwanawe.

Wako,
Rukia