Jina la Utotoni la Kugo

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimefungua duka saa mbili. Nimepaka cherehani mafuta. Wiki tatu tangu tumzike Kugo, babu yangu, na bado wateja wanaingia na maneno yale yale. "Pole, Chebet. Huyo alikuwa babu yetu sisi wote hapa Sigowet." Nasema asante. Sipendi. Alishonea nusu ya mji sare za shule, sawa. Lakini aliyelelewa naye ni mimi. Pini zake niliziokota mimi, kwa sumaku, tangu darasa la pili.

Jumatano, 8 Juni
Wanjiku, mke wa kaka yangu, amejifungua mvulana. Shangazi alipita dukani akicheka. "Mzee anarudi! Jumamosi tunaita majina." Nikamwuliza, na mtoto wangu je, siku nikizaa? "Wako ataitwa majina ya ukoo wa bwanako. Na kwanza utafute huyo bwana!"
Nina wivu. Wanjiku amemjua Kugo mwaka mmoja tu.

Jumamosi, 11 Juni
Wanawake wazee walimpakata mtoto, wakamgusisha ugoro kidogo puani, wakaanza kutaja marehemu. Jina atakalopigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Wakamwita Kugo kwa jina la ubatizo. Kimya. Kwa jina la baba yake. Kimya. "Fundi!" Kimya.
Jina la utotoni hawalijui. Waliomwita hivyo wamekufa wote, na kwetu wana hawaambiwi jina hilo la baba yao.
Mimi nalijua. Aliniambia akinipima sare ya darasa la nane, pini mdomoni. Sitaliandika hapa.
Nilikaa karibu na mlango. Nikanyamaza.
"Mzee amekataa," Shangazi akasema. "Mtoto amechoka. Jumatatu tuite wengine."
Wanjiku akaanza kulia. "Amekataa kwa sababu mimi si wa kwenu?"
Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumapili, 12 Juni
Kanisani sikuimba. Mwaka juzi, wakati wa mapigano ya kikabila, watu walipokuwa hawasalimiani, Kugo alishonea watoto wa Wakikuyu, watu wa akina Wanjiku, sare kama kawaida. Aliwaachia upindo mrefu, ili nguo iwatoshe na mwaka ujao. Waliomsema aliwaambia, "Mtoto anakua tu."
Nilidhani nikilificha jina litakuwa langu. Kesho wakiita jina la mwingine, basi. Hakuna atakayeitwa hivyo tena.

Jumatatu, 13 Juni
Sikufungua duka. Nilimnong'oneza Shangazi kabla hawajaanza. Alinitazama sana. "Na Jumamosi ulikuwa umekaa hapo tu?"
Akalitaja. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya mara mbili. Vigelegele. Wanjiku akanishika mkono, akalia tena. Sikuuvuta mkono.
Wivu haukuisha. Nilidhani ungeisha.

Jumapili, 19 Juni
Mvua tangu mchana. Wanjiku alikuja na mtoto. Analitamka jina vibaya, analivuta mwisho. Nilikaa nikimsikiliza akikosea, na nilipenda. Kisha nikamfundisha. Mara mbili. Ya tatu akalisema sawasawa, kama Kugo alivyolisema, na mtoto akageuza kichwa kumtafuta mama yake.