Harusi ya Kapteni Zaria

Jumamosi, 4 Mei 2024

Ndoto! Eti yote ilikuwa ndoto! Sizoni tatu za tamthilia ya Safina ya Nyota, nimezitafsiri zote kwa mdomo wangu huu. Nimekuwa kapteni, nimekuwa viumbe wa kijani, nimelia kwa sauti ya kike — halafu kipande cha mwisho Kapteni Zaria anafumbua macho hospitalini, nesi anampa dawa kwenye kikombe, kwisha. Hakuna safina. Hakuna Toma, fundi mitambo aliyemvisha pete mwezini. Aliyeandika mwisho huu alikuwa anawahi basi.

Na kesho lazima niutafsiri. Dodoma nzima inasubiri — sawa, siyo nzima, ni maduka ya kuweka muvi kwenye flashi, kuanzia mjini mpaka Bahi. Na Bahi ndiko aliko mama yake Violeth wangu. Posa yangu ilimfikia wiki iliyopita, jibu bado. Jioni haangalii kingine ila Safina, na hajui kwamba DJ anayemtafsiria ni mimi. Violeth alimwambia mchumba wake ni fundi kompyuta, maana kuongea juu ya muvi za watu haisikiki kama kazi.

Jumapili, 5 Mei

Nimefanya! Mungu wangu, nimefanya!

Nilikaa mbele ya maiki na nia njema kabisa. Zaria akafumbua macho. Nikajisikia nasema: "Hatimaye kapteni ametua duniani, nyumbani kwa mama yake mzazi!" Basi, mdomo ukashika njia wenyewe. Nesi akawa mama. Dawa ikawa uji. Daktari akawa mjomba aliyekuja kusikiliza posa ya Toma. Ile mashine ya pii-pii — simu ya Toma kutoka angani! Nikamalizia: "Harusi yao ni sizoni ijayo, usikose!" Brighton, anayenirekodi, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Eti wanaojua Kiingereza watanipiga. Nani ataangalia ile takataka mara mbili ili alinganishe?

Jumanne, 7 Mei

Violeth kapiga simu. Mama kaangalia mara tatu. Kalia! Kawaita majirani wamwone yule mama wa nguo nyeupe anavyomnywesha mtoto wake uji. Nikarukaruka kitandani, chaga moja imevunjika.

Halafu Violeth akaja kwenye habari ya posa. Mama atajibu akishaiona harusi ya Zaria. Anataka kwanza ajue yule binti wa watu mambo yake yanaishaje. Kasema hivyo mbele ya mjomba Lameck, kaka yake, na mjomba kakubali!

Sizoni ijayo inatoka lini, Violeth kauliza. Nikasema karibuni.

Jumatano, 8 Mei

Nimesoma mtandaoni. Miaka miwili. Kama itakuwepo.

Nimejiroga mwenyewe!

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Violeth kila kitu, kwa muuza chipsi, alipotoka kazini wizarani. Kaacha chipsi zikapoa. Halafu kacheka, kacheka, machozi, kanipiga na pochi. Eti nimeikwamisha posa yangu mwenyewe kwa kunogewa. Kesho twende Bahi nikaseme kwa mdomo uleule. Naogopa. Nampenda mno huyu mtu, hata hiyo pochi naipenda.

Jumamosi, 11 Mei — Bahi

Naandika nyuma ya banda la mbuzi. Nimeomba kwenda msalani. Haraka haraka.

Nilisema tu, "Shikamoo, mama." Akaweka ungo chini. "Marahaba. Hebu sema tena." Nikasema tena. "Lameck! Njoo! DJ huyu hapa!" Majirani wakajaa! Mama mmoja akaniomba nilie kama Zaria, nikalia. Wakaleta wali, kuku, kila mtu ananitazama mdomo. Nilikuwa juu, juu kabisa!

Walipoondoka tukabaki wanne, nikasema ukweli. Kwamba harusi haipo. Kwamba yule wa nguo nyeupe ni nesi. Mjomba akakunja uso. Mama wala. Akasema ana macho, mzazi gani anamnywesha mwanawe uji na glavu mikononi? Alijua tangu mara ya kwanza. Alipenda tu nilivyosema mimi.

"Sasa wewe ndiye unayejua," akasema. "Iseme hiyo harusi."

Nikaisema! Toma anashuka na wazee wake, wote wana suti za kung'aa. Ngoma zinapigwa. Daktari mjomba anakataa kufungua mlango mpaka apewe heshima yake — hapo mjomba Lameck akapiga makofi. Violeth anacheka amejifunika kanga usoni. Sijawahi kutafsiri vizuri vile, na TV imezimwa!

Nikavuta pumzi. Mama akauliza taratibu. Hakunitazama mimi, alimtazama Violeth, binti yake pekee.

"Na baada ya harusi? Toma anampeleka kule juu, au wanakaa karibu na mama?"

Baba yangu ameshanikatia kiwanja cha kujenga Tukuyu, safari ya siku nzima. Violeth anajua. Aliacha kucheka, akawa ananisubiri kama wenzake. Sauti zangu zote zile, nami nikaomba kwenda msalani.

Mbuzi anataka kalamu. Majirani wamerudi, nawasikia mlangoni wanauliza kama imeisha. Mama anawaambia wakae, DJ hajamaliza.