Kidimu Aliyetajwa

Msambweni, Mfunguo Tano

Kwa Mama yangu mpenzi, huko Faza,

Shikamoo Mama. Naanza kwa kukubusu mkono, ingawa mkono wenyewe uko mbali na mdomo wangu haufiki. U hali gani? Goti lako limetulia, au bado linakusumbua ukitaka kuinuka kwenye sijida? Na kifua cha Baba je? Nijibu kweli, usinifiche kama ulivyonificha ulipoanguka kisimani, nikaja kuambiwa na wageni. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio sijui niuseme vipi. Na wewe Athmani, kaka yangu unayemsomea Mama barua hii, isome kama nilivyoiandika, usirukeruke, na usicheke mpaka ufike mwisho.

Mama, mume wangu Hamisi hajarudi. Aliondoka Kilindini na ile meli ya mizigo mara tu baada ya Uhuru, watu bado wanaimba njiani, akaahidi kwamba Idi Kubwa atasali nasi hapa Msambweni. Idi Kubwa imepita. Mwanzo zilikuwa zikija salamu zake kwa mabaharia wenziwe, sasa hazipo. Mtu mmoja wa Diani anasema meli yao iligeuzwa njia. Mwingine anasema kuna mabaharia walioshushwa bandari ya mbali kwa maradhi. Ukimuuliza nani kakwambia, naye kaambiwa na mwingine. Mimi nikisikia hodi mlangoni naacha nilichoshika nakimbilia, kisha nikifungua nakuta mtu kaja kuomba chumvi.

Mavyaa wangu, mamake Hamisi, hasemi mengi. Lakini mwanawe anapokuwa safarini yeye huweka nadhiri, na safari hii alimtaja kuku. Anaye koo wake wa kidimu, wale kuku ambao manyoya yamepinda kinyume, yamesimama kama yaliyopigwa na upepo kwa nyuma. Koo huyo aliangua, na katika vifaranga wote akatoka mmoja tu aliyemfuata mama yake kwa manyoya. Mavyaa akamtia kiganjani na kunuia: Hamisi akirudi salama, huyu atachinjwa siku hiyo hiyo, watu walishwe. Na kwa mavyaa, nadhiri ikishataja imetaja. Humbadilishi kidimu kwa jogoo wa jirani. Aliyetajwa ndiye.

Basi mwezi uliopita dada yake alifariki huko Lunga Lunga, ikabidi aende matangani. Alipokuwa mlangoni na furushi lake la nguo akaniambia, "Mkaza mwanangu, nyumba siiogopei, nyumba itasimama. Nakuachia huyu. Wajua nimemtaja."

Nikamwambia, "Nenda kwa amani, Mama, nitamtazama."

Kumtazama nilimtazama, tatizo ni kwamba sikumwona. Kuku mgonjwa wewe unamjua: hujikunyata, manyoya yakasimama. Sasa niambie, kidimu akiugua utamjuaje, naye manyoya yake yamesimama tangu kuzaliwa? Sura yake ya uzima na sura yake ya ugonjwa ni moja! Mafua yakaingia kwa majirani, kuku wakawa wanakoroma kila uwanja, na mimi nikimwangalia wetu nasema yuko vile vile. Nilikuja kujua ameshazidiwa siku nilipomwaga pumba, wenziwe wakamkanyaga wakapita, naye hakuinuka. Jicho moja limeziba. Mdomo wazi. Pumzi inakwaruza kama mbuzi ya kukunia nazi.

Mama Riziki, jirani yetu, alimwona nikiwa nimempakata uani. Ni mtu mwema sana, ila hapendi kitu kipotee bure. Akaingia ndani mwake, akatoka na kisu.

"Zena, mwahi," akasema. "Mchinje saa hizi kabla hajawa kibudu. Angalau mpate mchuzi."

"Huyu hachinjwi."

"Akifa mwenyewe ni haramu, utamtupa tu. Lete hapa, kisu nimeshakinoa."

"Mama Riziki, huyu ametajwa."

Akakizungushia kisu upindo wa leso. "Ametajwa kwa nani?"

"Kwa Hamisi."

"Subhanallah," akasema. "Basi wakaa naye hapa nje kwenye upepo kwa nini? Mwingize ndani!"

Najua utakalosema, Mama. Utasema roho ya mtu haikufungwa kwenye shingo ya kuku, na ajali, siku ya mtu, iko kwa Mungu. Mimi nami nilisoma chuoni, hayo nayajua. Lakini nilipobaki peke yangu na pumzi ile inakwaruza chumbani, elimu yangu yote ilinikimbia. Nilijiambia kuku huyu akifa, kesho yake itakuja habari. Nikaogopa hata kwenda kisimani, nisije nikarudi nikamkuta amenyooka. Nilimtandikia kikoi cha zamani cha Hamisi ndani ya kikapu, nikakiweka karibu na meko. Nilimpangusa jicho kwa pamba na maji ya chumvi yenye uvuguvugu, nikamtonesha uji mwembamba kwa ncha ya unyoya, na maji ya mwarobaini nayo nikamtonesha, akatikisa kichwa akanitemea usoni. Nilifurahi, nikasema anayejua uchungu bado yupo. Lakini siku iliyofuata hakutikisa kichwa tena.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Nilikumbuka kwetu Faza: mzazi aliyetoka kujifungua akishikwa na baridi, dawa ni kufukizwa. Mtoto akibanwa na kifua, afukizwe. Nguo, nywele, nyumba, kila kitu kwetu ni chetezo. Nikamtoa kikapuni, nikamfunika kwa lile tenga la kufukizia nguo mlilonipa siku ya harusi. Nikatia chetezo chenye makaa mle mle pembeni, nikaweka ubani, na juu yake kipande cha ule udi niliokuwa nimeufungia sandukuni. Nikatandaza leso juu ya tenga, nikakaa ubavuni nasoma Yasini. Mkwaruzo ukapungua, ukanyamaza. Nikasema alhamdulillahi, amepata usingizi.

Nilikuwa sijamaliza kusoma mlango uliposukumwa. Ni mavyaa, amerudi kutoka Lunga Lunga. Mama, yule ni mtu mzima, miguu yake huvimba, hata uani hutembea kwa kushika ukuta. Siku hiyo aliingia anakimbia, viatu mkononi, leso imemwanguka mabegani.

"Yuko wapi?" akasema. "Yuko wapi mwanangu?"

Mimi nilidhani amuulizia kuku. Nikanyoosha kidole. "Yumo humu ndani ya tenga, Mama."

Akalitazama tenga. Akanitazama mimi. Akafunua leso, moshi ukatoka wote kwa pamoja, na kidimu amelala ubavu, miguu imenyooka.

"Nimesikia harufu ya udi," akasema polepole. "Tangu pale kwenye mkunjo wa njia nimesikia udi. Nyumba ya mke ambaye mumewe yuko safarini haitiwi udi, Zena. Nikajua kaja."

Mama, sijui nikwambie nini. Nilitamani ardhi inimeze. Ule udi ndio niliomwekea mume wangu kwa usiku wa kurudi kwake, mavyaa alijua hivyo, Msambweni yote ingejua hivyo, na mimi nimeuchoma kwa mafua ya kuku. Kwa muda wa kutoka njiani hadi mlangoni mama wa watu alikuwa na mwanawe, nami nikampokonya. Nililia mbele yake kama mtoto.

Hakunigombeza. Alikaa chini na vumbi lake la safari, akamtoa kidimu moshini, akaanza kumpepea kwa kitanga cha mkono. "Ana kifua, nawe wamvutisha moshi," akasema. "Nipe madzi." Mimi kwa kuchanganyikiwa nikajibu, "Mai haya hapa, Mama." Yeye na madzi yake, mimi na mai yangu, maji ni yale yale, na kuku katikati hajui lugha ya yeyote. Tulimtonesha tone moja. Likatoka pembeni. La pili likatoka. La tatu koo likacheza, na ule mkwaruzo niliokuwa nikiuchukia ukarudi, nikausikia mtamu kuliko kaswida.

Tangu hapo tulimuuguza wawili. Mmoja akipika mwingine amempakata, mmoja akisali mwingine anasikiliza pumzi. Siku moja nilijikaza nikamuuliza, "Mama, na akifa?"

Alimvuta kidimu karibu. "Akifa nitamwomba Mungu bila kuku," akasema. "Lakini sitaki kujaribu." Kisha akaguna. "Kosa ni langu. Ningetaja mbuzi. Mbuzi ana kifua imara." Tukacheka, na huku kila mmoja anafuta macho yake kwa upindo wa leso.

Alipona, Mama. Jicho lilifunguka, akadonoa chenga za mchele kiganjani mwangu, na siku ya pili yake akaruka kitandani, kisha akaenda kuuchafua msala wa mavyaa, naye badala ya kumfukuza akaniita nije nione. Sasa amekuwa pora, anajaribu kuwika, sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nje hataki kulala. Akiniona nimekaa huja kujilaza kwenye leso yangu, na Mama Riziki akipita huniuliza mume mdogo hajambo.

Nipelekee salamu kwa Baba, mwambie asivute buruma, kifuani kunamuuma. Nisalimie Bibi mzaa Baba, na shangazi Fatma mshona kofia, na dada Khadija na tumbo lake, Mungu amfungue kwa salama. Mwalimu wangu wa chuo mpe salamu lakini habari ya udi usimwambie. Mavyaa anakusalimu sana, asema umemlea mtoto mwenye huruma asiye na akili. Athmani, sasa unaweza kucheka.

Habari ya Hamisi hakuna mpaka naandika haya. Hofu haijapungua, imehama tu, imetoka kwenye kikapu imerudi mlangoni. Na huyu kidimu nimempenda, Mama, sikufichi, nampenda kama kitu nilichokizaa. Asubuhi namchambulia mchele, jioni namtazama koo lake namna linavyonawiri, nami najua ninamnonesha kwa siku gani. Niombee siku hiyo ifike. Niombee ifike hata kesho. Mavyaa atashika kisu, na miguu nitamshika mimi mwenyewe.

Mwanao anayengoja dua yako,
Zena