Breki za Kaka Torgeir

Hellevåg, 14 Oktoba

Dada yangu Ragnfrid,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua ngazini. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua, na hiyo haijawahi kuwa habari.

Unajua kivuko chetu siku hizi kinakwenda kwa betri. Nahodha akiacha kukisukuma kwa mota mapema kabla ya gati, maji yenyewe huzungusha pangaboi na umeme kidogo hurudi kwenye betri. Akichelewa, inabidi apige nyuma ndipo kisimame, na umeme unaliwa. Basi ofisi ikabandika karatasi juu ya birika la kahawa: kila nahodha na umeme aliorudisha. Wa kwanza, tangu Pasaka, ni kaka yetu Torgeir.

Hapo nikamshuku. Torgeir, aliyekuwa akiliingia gati kama mtu anayewahi choo! Wenzake walimtania kwamba uzee umemtia woga wa maji; akawaambia wanywe kahawa yao. Mimi nilidhani amechezea mita. Niliikagua mara mbili, nikijifanya nasafisha. Mita haina neno.

Nikaanza kumchunguza mwenyewe. Anapapasa sahani kabla hajachukua chapati yake ya maziwa. Na siku hizi anapungia watu gatini, yeye ambaye hata mchungaji hamsalimu nje ya kanisa. Jumatatu alilipungia sanduku la barua.

Haoni vizuri, dada. Anapunguza mwendo mapema kwa sababu hajui gati liko wapi. Na ofisi imemtaka Alhamisi awafundishe wenzake siri yake.

Sasa niungame. Mwezi wa Mei, Torgeir akiwa usukani, tulikwaruza gati, nami fundi mitambo nikaandika kwamba mota ilichelewa kuitika. Haikuchelewa. Kila asubuhi tunavusha basi la shule, na nimenyamaza miezi mitano. Jana nilimwambia akaseme ofisini, la sivyo nitasema mimi, pamoja na uongo wangu. Alizima redio, akakaa.

“Nilidhani hutasema kamwe, Eilert,” alisema. “Nimechoka kulisikiliza gati.”

Leo tumekwenda pamoja. Ameondolewa kwenye usukani. Adhabu yangu bado wanaitafutia fomu.

Mpe shemeji salamu zangu. Alhamisi Torgeir anakuja kwako kumwona daktari wa macho, atashuka kama abiria. Akikupita akaenda kuipungia nguzo, usicheke. Mshike mkono.

Mdogo wako,
Eilert