Tone Yahamia Mashine ya Kikwe

Alhamisi, 29 Agosti 2024

Kompyuta ya ofisi ya mfereji kule Kikwe imekufa. Nimeifungua mwenyewe — vumbi tupu, feni imenata, ubao umeungua. Miaka miwili na nusu imepanga zamu za maji za kaya sitini na mbili bila kulalamika. Ipumzike.

Rafiki yangu Shomari ametoa mashine. Ndogo, kimya, haina feni kabisa! Ila ndani ina mfumo wa OpenBSD, si Linux tuliyoizoea, na sharti lake ni kwamba isifutwe. Ataisimamia mwenyewe akiwa kazini kwake Njiro, na hataki kusikia habari za Linux. Sasa programu ya zamu imeandikwa kwa Tone, lugha ya kompyuta niliyoitunga chuoni, na Tone inajua kuishi kwenye Linux tu. Kwa hiyo lugha yenyewe ihame. Ningeweza kupiga hesabu kwenye laptop yangu hapa Sakina, lakini kamati ya mfereji iliweka sharti tangu mwanzo: orodha itoke kwenye mashine ya ofisini, mtu asije akasema nimeipikia nyumbani.

Shomari kasema nitahitaji mwezi. Nimesema wiki. Kikao cha zamu ni Jumamosi ya tarehe saba. OpenBSD na Linux ni ndugu, wote ukoo wa Unix, na Tone naijua mstari kwa mstari. Wiki inatosha na chenji inabaki.

Ijumaa, 30 Agosti

Makosa mia moja na kumi na saba! Kompaila, mtafsiri wa msimbo kwa mashine, imenikataa mlangoni. Sikutishika. Mengi ni ya kitoto: faili ninazoziita kwenye Linux huku hazipo, au zipo kwa jina jingine. Hata amri ya make, ya kuunda programu, ya huku haielewi vifupisho nilivyozoea. Kufika saa kumi jioni yamebaki tisa. Chai mbili, chapati nne.

Jumapili, 1 Septemba

Ibada ya kwanza, kisha kazi. Tone imezungumza! Nimeandika mistari mitatu — kama, rudia, andika — ikajibu bila kigugumizi. Kati ya majaribio arobaini yamepita thelathini na tisa. Nimemtumia Shomari picha. Akauliza tu, na hilo moja? Mtu huyu hajui kufurahi.

Jumatatu, 2 Septemba

Hilo moja limenila siku nzima. Tone ikisoma orodha ya Kikwe inaanguka, inazimika. Palepale, bila maelezo. Kwenye Linux, orodha ileile inapita laini. Nikahitimisha kwamba OpenBSD ndiyo mbovu. Nikampigia Shomari, nikamsema yeye na mfumo wake.

Amecheka mpaka nikakasirika. Halafu akanieleza. Programu ikishatupa kitu kwenye kumbukumbu, kwa Linux mara nyingi hubaki pale pale. Ukikisoma tena unakipata, au unapata chochote kilichokuja kukaa mahali pake, na kazi inaendelea. OpenBSD inamwaga takataka juu yake papo hapo, na ukisoma tena unaanguka. Kwa hiyo kuna mahali Tone inasoma kitu ilichokwisha kukitupa.

"Mfumo haujaleta kosa, Elinipa. Umekuonyesha la kwako."

Nimekata simu bila kuaga. Lugha yangu ina miaka sita, haijawahi kunidanganya.

Jumanne, 3 Septemba

Nimelipata! Saa tano asubuhi! Ni pale Tone inapobadilisha jina la mtu kwenye orodha. Inatupa safu ya zamani kwanza, ndipo inanakili ukubwa wa shamba kutoka humohumo ilimotupa. Kinyume kabisa. Nimebadilishana nafasi za mistari miwili, basi. Arobaini kwa arobaini. Tone inatembea kwenye OpenBSD kama imezaliwa humo. Siku tano tu! Shomari nimempigia vizuri safari hii, na kwa kweli kanipongeza. Nimejipa nusu kuku na ndizi.

Jumatano, 4 Septemba

Orodha mpya hailingani na ya zamani.

Kaya hamsini na saba ziko sawa. Tano zimebadilika saa zao. Nilijua tu nimevunja kitu wakati wa kuhamisha, nikatafuta tangu asubuhi. Sikuona. Mwisho nikachukua kalamu. Kanuni ya kamati ni eka moja, saa mbili za maji kwa wiki. Mmoja wa hao watano, Mama Namnyaki, ana eka mbili. Saa nne. Mashine mpya inasema nne. Ya zamani ilikuwa inampa mbili.

Nimerudia mara tatu. Jirani anayemfuata kwenye orodha ana eka moja. Saa mbili. Kwa hiyo Linux ilikuwa inanipa shamba la jirani badala ya lake, nami nikaona namba imekaa vizuri.

Wote watano ni watu waliobadilishwa majina orodhani. Mmoja ni mzee aliyebatizwa mwaka jana akataka aandikwe Thomasi. Wanne ni wajane, walioandikishwa kwenye zamu za waume zao.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike yote, hapa hanioni mtu. Tajeu, mume wa Mama Namnyaki, alifariki Februari mwaka juzi, mashine haijamaliza mwezi. Zamu ikahamia kwa mkewe. Tangu mwezi ule mama alikuwa anakuja ofisini: maji hayafiki mwisho wa shamba, mashine inamwibia. Nyanya zikakauka. Mwaka huu amelima nusu tu. Kamati ikasema saa za zamani zilikuwa za upendeleo, kwamba marehemu alielewana na mgawa maji. Wakaniita nikague.

Nikakagua programu ya zamu mara tatu, saa zenyewe sikuzihesabu kwa kalamu. Haikuwa na kosa, na kweli haikuwa nalo. Kosa lilikuwa chini yake, kwenye lugha, na lugha sikuigusa kwa sababu niliitunga mimi. Nikasimama mbele ya wanakijiji, na mama yule kakaa pale, nikasema mashine haimjui Tajeu wala mjane wake. Watu wakapiga makofi. Nikafurahia yale makofi!

Nimeona aibu leo mpaka chakula kimenishinda. Mistari miwili tu.

Ijumaa, 6 Septemba

Kikwe. Mashine nimeifunga mezani, imewaka, orodha imetoka kwa sekunde moja. Kazi yenyewe ni safi, hilo siogopi kulisema.

Baba mdogo ndiye mwenyekiti wa kamati. Nimemweleza. Akainuka akafunga mlango. Anataka nisome orodha mpya tu. Niseme ni mashine mpya, imepanga upya. Mama Namnyaki atapata saa zake nne kuanzia wiki ijayo, na wenzake vilevile, yaishe. Nikifungua ya nyuma, kila aliyekosa mavuno atasema ni mashine, na hakuna atakayeiheshimu orodha tena. Kabla ya kompyuta watu walishikiana mapanga pale mferejini, yeye mwenyewe ana kovu begani. Si mtu mbaya. Anaogopa, na ana sababu.

"Saa mtu anarudishiwa, mwanangu. Imani ya watu hairudishiwi."

Nimemwambia nitafikiri. Kisha nimechapa orodha zote mbili, ya zamani na mpya.

Jumamosi, 7 Septemba, saa nne asubuhi

Naandika kwenye benchi ofisini, kikao bado. Watu wanaingia, wanaisogelea mashine, wanauliza mbona haingurumi. Nimewajibu kwa madaha kidogo.

Mama Namnyaki ameingia, akapita viti vyote vitupu, akaja kukaa hapa kando yangu. Shikamoo mama. Marahaba. Akaulizia hali ya nyumbani. Kisha akaniambia kesho kuna Meza ya Bwana, na hawezi kuiendea akiwa na kinyongo na mtu.

"Nilikusema sana mwanangu, kwamba mashine yako inaniibia. Hata kwa wenzangu nilikusema. Nimekuja unisamehe."

Kaushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake miwili. Nikashika kalamu, nijifanye nina la kuandika.

Baba mdogo kagonga meza. Sala imekwisha. Anatangaza kwamba Elinipa atatusomea orodha mpya. Mpya, karudia, huku ananiangalia. Karatasi mbili ziko mapajani. Watu wamegeuka. Mama Namnyaki hajaniachia mkono, bado anangoja nimjibu —