Hatunaye

Jumanne, tarehe tisa Machi. Huu ni mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke huko.

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Mimi sijambo. Goti la kushoto linaninung'unikia kila asubuhi, lakini macho bado yanasoma herufi ndogo, na kwa mtu aliyeishi kwa kusahihisha prufu katika kiwanda cha kuchapa hilo ndilo la maana.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini nilikuacha ukizunguka stesheni Alhamisi nzima mpaka wafagiaji wakakuuliza kama umepotelewa na mtoto. Unasema tiketi ya ndege ulikwisha kunikatia, saa nne tu hewani, nami nikairudisha nikachagua siku tatu za kukalia benchi la mbao. Unasema shemeji alicheka, akauliza kama ninaogopa ndege itaniuma. Mwambie nami nilicheka. Nilicheka mpaka nilipofika pale unapoandika kwamba nimewavunjia heshima. Hapo nikaiweka barua mezani, nikatoka nje kutembea, kwa sababu nilikuwa karibu kuichana.

Sikuogopa ndege. Unajua niliondoka huko kwa treni, mwaka ule wa msako wa wachapaji, nimelala chini ya kiti nyuma ya magunia, vidole vikiwa bado na wino wa mtambo. Safari nzima niliona viatu vya watu. Nilijiahidi kwamba nikirudi nitarudi kwa njia ileile, nimekaa dirishani, nikitazama nchi ambayo nilipitishwa kama mzigo. Tena nilitaka nipate muda wa kuzoea kwamba Mama amefariki. Kuna watu wanaoweza kuamka kwenye kitanda chao na mchana wakasimama kaburini kwa mama yao. Mimi siwezi.

Wewe ulishikilia ndege. Uliandika mara tatu, na mara ya tatu ukaipigia mstari: utanipokea uwanjani wewe mwenyewe, tutakwenda moja kwa moja kwenye nyumba yako mpya, makaburini tutakwenda mapema kabla watu hawajatoka, na mtaa wa zamani tuuache kwanza maana majirani wana maneno mengi. Nilidhani unauhurumia uzee wangu. Kumbe ulikuwa unapanga kupitisha magendo, na magendo yenyewe ni mimi.

Siku ya pili ya safari, kwenye kituo chenye tangi kubwa la maji, aliingia behewani mama mmoja wa makamo, fundi cherehani, amekumbatia kichwa cha cherehani kilichofungwa shuka kama mtoto mchanga. Hakuwa hata ameketi vizuri akaanza kulisema shati langu. Alisema aliyelishona alikuwa na haraka ya kwenda harusini, kola upande mmoja inatazama huku na upande wa pili inatazama kule, kama watu waliogombana. Akatoa sindano, akanikazia kifungo cha kifuani nikiwa nimelivaa, akiniamuru nisipumue. Nilimpenda papo hapo. Nilimwuliza anashukia wapi. Akataja mji wetu, kisha mtaa wetu, kisha akasema anakaa nyuma ya kinu cha unga, ukuta kwa ukuta na nyumba ya marehemu Bi Saa.

Fikiria, miaka yote hii nilikuwa sijasikia mtu akimwita Mama kwa jina lile la utani. Nilijifanya mgeni, nikamwuliza Bi Saa alikuwa nani. Nilitaka tu kumsikia akisimuliwa na mtu aliyemwona karibu.

Alinisimulia. Alisema watu walirekebisha saa zao kwa kumwona akipita kwenda sokoni. Alisema alipohamia pale, miaka ishirini iliyopita, alimkuta na desturi moja: kila Alhamisi treni ilipoingia, Bi Saa alikuwa stesheni, amejifunga kitenge cha kutokea, akitazama wanaoshuka. Mwanawe mkubwa aliondoka kwa treni, na yeye alishika hilo, kwamba atarudi kwa treni. Watu walimtania, wakamwambia siku hizi watoto wanarudi kwa ndege. Aliwajibu kwamba mwanawe anamjua mwenyewe.

Kisha yule fundi akashusha sauti, akasema masikini, kijana mwenyewe alifia hukohuko ugenini.

Nilimwuliza nani alifia ugenini. Akanitazama kama anayemtazama mtu asiyesikia vizuri, akarudia: huyo mtoto mkubwa wa Bi Saa. Miaka kumi na miwili sasa. Akanieleza yote, nami nakueleza wewe, ili usije ukasema niliongezewa chumvi. Asubuhi moja, kabla hujaenda kazini, alikuja karani wa kuandikisha kaya. Mama hakuwepo, uliyekuwepo ni wewe. Karani akasoma majina ya zamani kwenye daftari lake, akafika kwa kaka yako, akauliza yuko wapi. Ukajibu, “Huyo hatunaye.” Karani akaandika amefariki. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, alipokutana na Mama njiani siku hiyohiyo alivua kofia akampa pole ya kijana wake.

Fundi anasema alisikia kilio kwa upande wa pili wa ukuta. Uliporudi kutoka kazini ulikuta mikeka imekwisha tandikwa na wanawake wamejaa uani. Wazee wakakuuliza kama ni kweli. Ukainamisha kichwa. Mkakaa matanga siku saba. Vitabu vyangu akapewa mwalimu, koti langu akapewa mlinzi wa kinu. Alhamisi iliyofuata Mama hakwenda stesheni, wala hakwenda tena mpaka alipokufa.

Nimeifanya kazi ya maneno miaka thelathini na mmoja. Nimewahi kusimamisha mtambo kwa ajili ya herufi moja, msimamizi akinitukana mbele ya wafanyakazi. Najua mtu anaweza kusema “hatunaye” akiwa na maana kwamba ndugu yake anaishi mbali. Hilo ni kosa la ulimi, nami sikulaumu. Lakini kosa la ulimi husahihishwa kwa ulimi. Ungesimama pale mlangoni ukasema, jamani, karani hakunielewa, kaka yu hai. Watu wangekunja mikeka yao, wangekucheka mwezi mmoja, basi. Uliona haya ya mwezi mmoja ukamzika mtu.

Tena ulijua. Barua yangu ilikufikia wiki tatu baada ya matanga, kwenye sanduku la posta la kazini kwako. Najua, kwa sababu uliijibu. Ninayo hapa. Unaandika kwamba wote hamjambo na Mama ananisalimu sana. Tangu hapo mpaka Mama alipofariki uliniandikia barua arobaini na moja, nimezihesabu jana, na kila moja ina salamu za Mama. Mama anasema usilale na nywele mbichi. Mama anauliza kama umenenepa. Salamu hizo ulizitunga wapi, mdogo wangu? Ulikuwa unakaa mezani, yeye chumba cha pili amenivalia nguo za msiba, unatafuta neno ambalo mama angesema?

Nilipoomba niongee naye kwa simu ulisema masikio yake yamekufa. Nilimwuliza fundi. Alicheka. Alisema Bi Saa alikuwa akimgongea ukuta kumwambia sindano ya cherehani yake imepinda, kwa kuisikiliza tu.

Fundi hakusema hivi kukuteta, maana hajui kitu. Anakusifu. Anasema baada ya matanga Mama alianza kulala usingizi na kula vizuri, kwa kuwa kungoja kuliisha, na kwamba ulimtunza kama yai. Huenda ndivyo ulivyojiambia, kwamba ulimpumzisha. Usithubutu kuniandikia hivyo. Hukuwa na haki ya kumpumzisha kwa damu yangu.

Sasa na mimi niseme la kwangu, maana nisipolisema nitakuwa mwongo kama wewe. Karani alipokuja, nilikuwa sijaandika miaka miwili. Nilikudanganya kwamba nilikuwa naumwa. Sikuumwa. Nilikuwa mzima, kalamu ninazo, karatasi za bure zimejaa kiwandani. Kila barua ya Mama iliuliza nitakuja lini, nami nilichoka kungojwa. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Wewe ulimwambia nimekufa, lakini nilikuwa nimekwisha kumzoesha kuamini hivyo.

La pili ni hili. Fundi aliniuliza kama katika mji ninaoishi niliwahi kumsikia kijana huyo, aliyefanya kazi kwenye viwanda vya kuchapa. Nilifungua mdomo nimwambie mimi ndiye. Nilimwona ananingoja na macho yake mema, nikajiwa na picha ya mtaa mzima ukinijia mbio kuniuliza kwa nini sikuandika. Nikasema ndiyo, nilimfahamu marehemu, tulikaa meza moja. Akauliza kama aliteseka. Nikasema hapana, alifia usingizini, na alikuwa akimtaja mama yake. Alilia, akanishukuru, akasema akifika atawaambia watu. Kwa hiyo uongo wako sasa una shahidi, na shahidi ni mimi.

Nilishuka kwenye makutano ya reli, kituo kimoja kabla ya mji wetu. Nilimsaidia kuisogeza cherehani yake dirishani, nikamwambia nimefika. Kesho yake nikapanda treni ya kurudi. Mama angekuwa hai ningekuja hata kwa kutambaa, nikaanguka miguuni pake mbele ya watu wote, aibu yetu sote wawili ikaonekana. Sasa aliyepaswa kujua kwamba mimi ni hai hayupo, na ninyi wengine mmekwisha kunililia.

Msalimie shemeji. Wasalimie watoto, waliokua wakimjua baba yao mkubwa kama marehemu. Sijui utawaambia salamu zinatoka kwa nani, na hilo ni lako. Kaburi la Mama lipaliliwe. Mimi sitarudi.

Kaka yako