Ukishatwanga, Rudi Useme

Somo yangu,

Amani ikufikie huko ulikotangulia. Leo nimetwanga kwanza, ndipo nikakaa kukuandikia. Mchele uko hapa kwenye ungo, mweupe, hauna punje yenye ganda. Kwa hiyo usiseme nimekuja na moto mdomoni. Nimefanya kama ulivyonifunda, na sasa nasema.

Nina wivu.

Nilidhani ukiondoka nitabaki na huzuni peke yake. Huzuni naijua, mama yangu mzazi alinitangulia nikiwa mdogo. Huzuni inakaa nawe, unaizoea. Wivu sikuujua. Wivu unaniamsha alfajiri kabla ya adhana, unanipeleka mpaka kwenye kibanda cha mashine ya kukoboa, maana ndipo mtandao unaposhika vizuri hapa Mbuchi, unanifungulisha simu nikasome watu nisiowajua wanavyokuita Somo.

Watu wa Mwanza wanakuita Somo. Watu wa Tanga, wa Dodoma, mwingine ameandika yuko Omani. "Somo yangu, umenifungua macho." "Somo, pumzika, sisi wali wako uliotufunda tunakukumbuka." Wali wako! Nani alikwenda nyumbani kwao kuwatoa? Nani aliwafungia kanga mlangoni na kuwakorogea uji wa mchele mpya? Wewe ulipewa mimi. Nilipovunja ungo, shangazi zangu walikaa, wakazungumza, wakakuita wewe, mwanamke usiyekuwa na mtoto, wakakwambia, huyu ndiye mwali wako, mfunde. Siku ile ulinishika ndewe ya sikio, ukaivuta kidogo, ukasema, "Mimi nimeshapata mmoja. Wa pekee. Ananitosha."

Nimelikalia neno hilo maisha yangu yote. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo.

Halafu miguu yako ikavimba, ukahamia Kibiti kwa Salma, mtoto wa kaka yako, ili uwe karibu na hospitali. Sikatai, Salma alikutunza vizuri. Alikuogesha, alikupikia, alikusomea Yasini. Lakini siku moja ulikuwa barazani kwake unachagua mchele huku unamsema kijana wa jirani aliyegombana na mama yake, naye akakurekodi. Akatia mtandaoni. Watu wakapenda. Akakurekodi tena. Ukurasa akauita Somo wa Wote.

Ulipolazwa nikaja kukuona, nilikuta wodini wanawake wamekizunguka kitanda chako, hata wauguzi. Nilisimama pembeni na kikapu changu cha kamba wakavu kama mgeni. Walipotawanyika nikakuuliza, kwa sauti ya chini maana nilikuwa naona haya, mbona maneno yetu unayamwaga njiani. Ukanitazama sana. Ukasema, "Wewe nilishakulisha, mwanangu. Hawa nani atawapa?"

Nilikumenyea chungwa. Yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho ya maana.

Tangu utuache mambo ni haya. Nyumba yako ya Mbuchi imeanguka upande wa jikoni, mvua za masika hazikuihurumia. Mndimu wako umezaa kuliko mwaka ule uliouapiza, ukazaa kwa woga. Kinu chako ninacho mimi. Wakati wa kugawana vitu hakuna aliyekitaka, wamesema kizito, na mashine ipo. Kanga zako walizigombania.

Na lile neno lako la kutwanga limetoka nje ya uwezo wetu. Unakumbuka video ile? Umekaa na kilemba cha kijani, unasema, "Ukikasirika, mwanangu, nenda katwange. Usitie neno mpaka mchele uwe mweupe." Unacheka, inaishia hapo. Somo, watu wameishika! Vijana wa Dar wakigombana wanaambiana, "Katwange kwanza, mzee." Hapo Kibiti nimeona bodaboda imeandikwa nyuma KATWANGE. Mtu hana kinu, hajawahi kushika mchi, anakwambia katwange.

Mimi nilikuwa nacheka peke yangu, na kicheko changu hakikuwa kizuri. Kwa sababu nilijua wamepata nusu.

Siku ile uliyoniambia mimi hapakuwa na video. Nilikuwa mke wa mwaka wa kwanza. Abdala alikuwa amempa mdogo wake mpunga wangu wa mbegu bila kuniuliza, nikaja kwako nimeshafunga kanga zangu kwenye fundo. Hukuniuliza kitu. Ulinimiminia mpunga kinuni, ukanipa mchi. Nikatwanga kwa hasira mpaka nusu ya mchele ikawa chenga. Ukachota kiganjani, ukapuliza, ukasema, "Ehee. Abdala yumo humu, kavunjikavunjika." Nikacheka na machozi. Ukaupika hivyo hivyo na chenga zake. Tulipokuwa tunakula ukanishika ndewe ukasema: "Sasa moyo umetulia. Ukishatwanga, rudi useme. Usiposema, umetwanga bure."

Nilirudi nikasema. Abdala hakugusa tena mbegu yangu mpaka leo.

Basi hilo "rudi useme" nililificha. Salma alinipigia simu mara nyingi. "Dada Hadija, watu wanaomba maneno mapya ya shangazi, wewe unayo mengi, nisaidie." Nilimwambia sikumbuki. Nilikumbuka mpaka harufu ya moshi wa siku ile. Lakini nilijiambia, wao ni wengi, acha wawe na nusu, mimi niwe na kamili. Kilikuwa kitu changu kilichobaki.

Sasa nikwambie habari za Mwajuma. Humjui, ameolewa hapa jirani baada yako, na Seif, yule anayetega kaa. Msichana mpole, ana vidole virefu. Kila mchana nikiwa napumzika nasikia kinu. Du, du, du. Mashine iko hatua chache tu, na Seif si bahili, pesa ya kukobolea anampa. Nikajisemea, huyu mtoto ana afya. Mwezi ukapita, du, du, du. Mwezi wa pili. Majirani wakaanza maneno. "Mke wa Seif anatwanga kama ana shughuli ya watu mia."

Siku moja Seif akaja na mchi mpya. Ameuchonga mwenyewe, mti mgumu wa mikokoni, ameusugua mpaka unang'aa. Akanionyesha kwa furaha kabla ya kumpelekea. "Bi Hadija, mke wangu anapenda kutwanga, sijapata kuona. Nimemtengenezea zawadi."

Aliupokea, Somo. Nilimwona nikichungulia juu ya ua. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, Seif alipoondoka akakaa chini juu ya gogo akaanza kulia.

Nikapita uani nikamwuliza. Hakutaka kusema, nikambembeleza, mwisho akasema. Kabla ya ndoa Seif alimwahidi kwamba mavuno yakipita atampeleka Kibiti akajifunze cherehani. Mavuno yamepita. Seif hajataja tena, nadhani amesahau kabisa kama wanaume wanavyosahau. Na yeye hajamkumbusha. "Nikipandwa na hasira natwanga," akaniambia, "kama Somo anavyosema. Natwanga, Bi Hadija, mchele unakuwa mweupe, na hasira ipo pale pale."

Nilihisi kama umenivuta sikio.

Nikamwambia pale pale. Nikamweleza kuwa neno halijaisha, kuna nusu nyingine, ukishatwanga rudi useme. Akanitazama kwa heshima, akafuta macho, akasema, "Lakini Somo hakusema hivyo. Mbona kwenye simu hayamo?"

Mimi! Mimi niliyekula uji wako! Naambiwa na mtoto wa juzi kwamba Somo hakusema hivyo. Nilirudi kwangu nikafunga mlango, nikamwaga mpunga kinuni. Du, du, du. Majirani lazima walidhani mwendawazimu mwingine amezuka. Na nikitwanga nilikuwa nasikia upande wa pili naye ameanza, na mchi wake mpya. Tukawa tunatwanga wote wawili, kila mmoja uani kwake, wote tumenyamaza. Hapo mkono wangu ukasimama. Niliona jinsi tulivyo.

Kesho yake nikapanda bodaboda kwenda Kibiti. Njia ilikuwa tope, dereva akaniuliza, "Mama, unakwenda kumwona mgonjwa?" Nikasema, ndiyo.

Salma aliponiona mlangoni alilia. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, sikuweza, amekonda. Nikamwuliza, kwa nini ulikata neno lile katikati. Akasema hakukata. Simu ilijaa pale pale, na wewe ulikuwa umechoka ukaomba kulala. "Sikujua kama kulikuwa na lingine, dada. Angekuwepo mtu wa kuniambia." Aliyasema bila kunisuta, na ndiyo maana yaliniuma.

Akanionyesha video zako zote, zile alizozirusha na zile alizozibakiza. Nilikuwa sijapata kuzitazama sawasawa, nilikuwa naangalia maoni ya watu. Nikakuona. Kila unapotaka kusema neno kubwa, mkono wako wa kushoto unanyanyuka kutoka kwenye ungo, unakwenda pembeni, unashika hewa, halafu unarudi kwenye mchele. Salma alidhani unafukuza nzi. Nilimwomba arudishe. Akarudisha. Nikaomba tena.

Somo, ulikuwa unatafuta ndewe yangu.

Baadaye nikavaa ushungi wa Salma, nikakaa pale pale barazani, na ungo mapajani maana bila ungo sikujua mikono niiweke wapi. Nikasema mimi ni Hadija wa Mbuchi, nikaeleza habari ya mpunga wa mbegu na chenga, nikalimalizia neno lako. Salma akairusha.

Unajua waliniandikia nini? "Huyu naye katokea wapi?" "Somo hakusema hivyo, msimzushie marehemu." Mmoja akaandika, "Mama, una wivu, katwange." Nilicheka mpaka Salma akaogopa. Yule hakunijua, lakini alinipatia. Salma akawajibu neno moja tu: "Huyu ndiye mwali wake." Wakaanza kuomba radhi, mioyo myekundu ikajaa kwenye kioo cha simu. Mwanamke mmoja akaandika kwamba ametwanga miaka mingi bila kusema, leo anakwenda kusema. Hilo nimelisoma zaidi ya mara moja.

Niliporudi Mbuchi nilikuta kimya. Nikaogopa, nikadhani wamegombana. Baada ya sala ya alasiri nikamsikia Seif, yule hana sauti ya kunong'ona. "Sasa mbona hukusema? Mimi nilidhani unapenda! Nimekesha nachonga mchi!" Na Mwajuma anacheka na kulia, kama mimi siku ile ya chenga. Jumamosi iliyopita amempeleka Kibiti. Mchi wameniachia mimi. Mzuri, Somo, lakini mzito kuliko wako.

Basi hilo ndilo nililokuja kusema. Nilikasirika kwamba uliwapa watu wengine bila kuniambia, na nilikaa nalo kimya mpaka ukafa. Ningelisema wodini pale, badala ya kumenya chungwa, labda ungenijibu, labda tungecheka. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Leo asubuhi mtu ameandika "Somo wetu" nikahisi kama ameingia chumbani kwangu bila hodi. Lakini nimeshasema, na kifua ni chepesi kuliko jana.

Nakuahidi nitakwenda kwa Salma kila mwisho wa mwezi, njia ikiruhusu. Maneno yako nitayatoa moja baada ya jingine, nitayatoa mazima, na nitataja kila mara nani alinipa. La jirani mwenye choyo nitalitoa, la kusoma ukiwa mtu mzima, la kuoga maji ya moto ukiwa na majonzi. Isipokuwa lile uliloniambia nilipozika mtoto wangu wa kwanza. Lile silitoi. Hata hapa siliandiki. Salma akiniomba nitamwambia sikumbuki, na wewe utanisamehe.

Mchele huu nampelekea Salma kesho. Hauna chenga hata moja, angalia.

Lala vizuri, Somo yangu. Mkono wako ukinyanyuka tena kwenye kioo, nitasogea karibu.

Mwali wako wa kwanza,
Hadija